Wakwe wanasema nikikubali mume wangu akatwe mguu basi nimemchoka

Shikamoo Mama. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndo naandika, naomba sana jina langu usilitoe maana ukweni kwangu wapo wanaokusoma.

Niko Morogoro, nina miaka 31, nimeolewa na nina watoto wawili. Mume wangu alikuwa anaendesha bodaboda. Mwaka jana mwanzoni mwa masika aligongwa na lori barabara kuu, mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti na mfupa ukatoka nje kabisa. Waliomuokota walimfunga kanga wakamkimbiza na bajaji, hospitali wakamsafisha thieta usiku ule ule wakamwekea vyuma vya nje, zile wanaita antena. Ngozi ya mbele ya ugoko ilikuwa imeondoka, kwa hiyo baadae wakachukua ngozi ya paja wakapandikiza na kwa kweli ilishika vizuri tukashukuru Mungu. Antena zikatolewa, akafungwa hogo, ile plasta ngumu, tukarudi nyumbani tukijua tumemaliza.

Kumbe ndo kwanza tunaanza. Hogo lilipotolewa mfupa ulikuwa haujaunga, ukiushika unacheza kabisa pale katikati. Halafu pembeni ya ile ngozi ya kupandikiza pakatokea kijipu, kikapasuka, kikabaki kitundu kidogo tu, hata ncha ya kidole haiingii, lakini kinatoa usaha hakikauki. Kikizidi naenda duka la dawa nanunua antibayotiki, anameza, wiki moja mbili kinapungua, naona tumepona, halafu kinarudi tena. Hivyo hivyo mpaka leo. Mwezi uliopita namsafisha nikaona kitu cheupe kinachungulia pale kwenye kitundu, nikakivuta taratibu na gozi ya kusafishia kidonda, kumbe ni kipande cha mfupa, kama punje ya mchele ila kirefu zaidi. Mama, mikono ilitetemeka. Nikakifunga kwenye karatasi nikaenda nacho kliniki.

Wakapiga eksirei nyingine. Daktari akatuambia ndani kuna mfupa uliokufa na una wadudu, na njia anazoziona ni mbili. Ya kwanza apewe rufaa kwenda Dar, wakate ile sehemu iliyokufa halafu wamwekee vyuma vya mduara vya kuvuta mfupa uote upya, alisema inaweza kuchukua zaidi ya mwaka na hawezi kutuahidi kwamba itafanikiwa. Ya pili ni kukata chini ya goti awekewe mguu wa bandia. Akasema nendeni mkazungumze, mrudi kliniki mwezi ujao.

Sasa kuzungumza ndo kwenye shida. Mume wangu toka siku ile hazungumzi. Nikimuuliza anasema "amua wewe" halafu anageukia ukutani. Sigara zimeongezeka, zamani alikuwa anavuta mbili tatu za jioni saivi sihesabu. Mguu anaufunika shuka hata kama joto limezidi, mtoto wetu mdogo aliwahi kusema baba ananuka, toka hapo hataki hata watoto wakae kitandani kwake.

Mama mkwe na wifi zangu wanasema mguu usikatwe na Dar asiende. Kuna mzee kijijini kwao anaunga mifupa, ndo alimuunga mjomba wao alipoanguka kwenye mwembe na mpaka leo mjomba analima. Mzee anataka laki sita na mbuzi, mgonjwa akae kwake miezi mitatu. Wanataka tuuze kiwanja tulichonunua kabla ya ajali. Nilipowaambia daktari kataja kukata, wifi mkubwa akasema mbele ya watu, "wewe bado kijana, unataka akatwe upate sababu ya kuondoka." Sikumjibu, nikaingia jikoni.

Mama, mimi sitaki kuondoka. Ila zipo siku nimechoka, namaliza kufua zile bandeji usiku nawaza bora wangekata tu yaishe, halafu najiona mimi mke gani. Na nikisema twende Dar, hela ya kukaa huko iko wapi na watoto nawaacha na nani? Nimewaza nikubali kwanza kwa mzee ile miezi mitatu ili ukweni watulie, ikishindikana ndo turudi hospitali. Je nitakuwa nimekosea? Na huko kliniki nikiulizwa nitasaini nini? Nisaidie Mama.

Mama wa wawili, Morogoro

*

Marahaba mwanangu. Pole sana, na pole kwa mumeo. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja kwa sababu wodi ya mifupa ndiko nilikomalizia unesi wangu, hicho kitundu unachokisema najua kinavyofanana na harufu yake naijua, na najua inavyokuwa kuishi nacho chumba kimoja. Kwa hiyo nitaandika kwa kirefu, usinichoke.

Nianze na ninavyokuelewa. Una mgonjwa ambaye mfupa haujaunga na una maambukizi ndani, una daktari aliyekupa njia mbili zote nzito, una wakwe wenye njia ya tatu, una mume aliyenyamaza, na katikati ya wote hao kalamu wamekushikisha wewe. Sasa nataka tuanzie kwenye hiyo kalamu. Nani kakwambia ni ya kwako? Mumeo ni mtu mzima, akili zake timamu, anaongea na anasikia. Karatasi ya kukubali upasuaji anasaini yeye. Ndugu anasainishwa pale mgonjwa akiwa hajitambui au ni mtoto au akili haiko sawa. Daktari akikutazama wewe ni kwa sababu mwenye mguu kageukia ukutani, siyo kwa sababu mguu ni wako. Hii haikuondoi kwenye mazungumzo, wewe ni mkewe na mzigo mkubwa umeubeba wewe, lakini inabadilisha swali. Swali siyo tena "nikubali au nikatae", ni "nimsaidieje huyu mwanaume ajue anachochagua na aseme mwenyewe".

Na hiyo "amua wewe" usiisome haraka kama vile hataki. Nimeisikia kwa wanaume wengi sana waliolala pale. Mara nyingine maana yake ni kwamba anaogopa, likiharibika awepo wa kulaumiwa. Mara nyingine ni kwamba kashajihesabu hana thamani, hana pikipiki, hana hela ya kuacha mezani asubuhi, mtoto kasema ananuka, sasa maoni yake ya nini. Kunyamaza, kufunika mguu, sigara kuongezeka, kusukuma watoto, mimi hapo nasikia mtu ambaye moyo umeshuka sana, na hilo nalo ni ugonjwa, kamwambie daktari kama unavyomwambia habari ya usaha. Ukimsikia anasema bora angekufa pale pale barabarani, usilichukulie kama maneno ya hasira, siku hiyo hiyo mtafute daktari na usimwache peke yake.

Haya, tuje kwenye kidonda chenyewe, maana naona hapa pana kitu hamkuelezwa vizuri na ndicho kinachowagombanisha.

Mfupa uko hai kama nyama, unapata damu. Ile siku ya ajali ugoko ulipopasuka na ngozi kuondoka, kuna kipande cha mfupa kilikosa damu kikafa. Wadudu walioingia na mchanga wa barabarani wakakaa pale. Sasa antibayotiki unazonunua zinasafiri kwa damu, na kwenye mfupa uliokufa damu haiendi, kwa hiyo dawa inaua wadudu walioko pembeni kwenye nyama, usaha unapungua, mnafurahi, lakini walioko kwenye mfupa hata habari hawana. Dawa ikiisha wanatoka tena. Ndo maana unazunguka hapo hapo mwaka mzima. Na kile kipande ulichokivuta na gozi ni mwili wenyewe unajaribu kutoa kilichokufa, ulifanya vizuri sana kukipeleka kliniki, ila kingine kikichungulia usivute, kama hakijaachia unaweza kumwaga damu.

Kwa hiyo dawa yoyote ya kupaka juu, iwe ya duka la dawa iwe ya mzee wa kijijini, ni kama kupaka rangi ukuta ambao maji yanavuja kwa ndani. Kitundu kinaweza kweli kuziba, mkashangilia, halafu usaha ukatafuta mlango mwingine. Ninachokuomba hapo kwenye duka la dawa ni uache kununua kwa kukisia. Wadudu wanazizoea zile dawa, na siku ya upasuaji daktari anahitaji kuchukua nyama na mfupa wa ndani akaoteshe maabara ajue ni mdudu gani na dawa gani inamuweza, mgonjwa akiwa anameza dawa hovyo kile kipimo kinadanganya. Mwambie daktari ukweli wote, umemnunulia nini na nini.

Sasa huyo mzee. Sitamtukana, na mama mkwe wako pia usimtukane, maana anachokisema kuhusu mjomba huenda ni kweli tupu. Lakini uliza, mjomba alipoanguka kwenye mwembe mfupa ulitoka nje? Kulikuwa na usaha? Nadhani utaambiwa hapana. Mfupa uliovunjika bila ngozi kupasuka, ukitulizwa usicheze, mara nyingi unaunga wenyewe, kwa hospitali au kwa mzee, ndo mwili ulivyoumbwa, na wazee hawa wamejijengea jina kwa mifupa ya namna hiyo. Wa mumeo ni kitu kingine. Hata daktari bingwa akiufunga hogo leo hautaunga, kwa sababu kati ya ncha na ncha kuna kilichokufa.

Unaniuliza kama miezi mitatu kwa mzee ili ukweni watulie utakuwa umekosea. Nakuelewa unatafuta amani, ila hiyo miezi mitatu siyo ya kusubiri tu. Nimepokea watu waliotoka huko, vijiti vimekazwa mpaka damu haishuki, vidole vimekuwa vyeusi, aliyekuwa na njia mbili akafika kwangu na moja. Wakipaka udongo au majivu au kinyesi cha ng'ombe kwenye kitundu, pepopunda inaweza kuingia humo. Na kadiri usaha unavyokaa mfupa unazidi kuliwa, leo pengo ni la sentimita kadhaa, baadae litakuwa refu zaidi na ile njia ya kuokoa mguu itakuwa ngumu zaidi. Mkiamua kwenda hata hivyo, ni mguu wa mumeo na ni familia yenu, basi angalau mkubaliane na mzee asikaze kitu, asichanje, asivute na asiguse kitundu, aombe na apake mafuta yake huko pajani. Sijui kama atakubali kwa laki sita.

Ila mimi ningekuuliza hivi, mama mkwe ameshawahi kukaa mbele ya daktari akaiona ile picha ya eksirei? Au anapata habari kupitia kwako, yaani mkwe anamwambia mama mtu kwamba mwanao anakatwa mguu? Ningekuwa mimi ni huyo mama ningekuchukia pia. Mpeleke kliniki. Mwambie daktari mapema kwamba unakuja na mama mzazi, amwonyeshe kwa kidole ule mfupa mfu uko wapi. Wapo wanaobadilika pale pale na wapo wasiobadilika, lakini hata asipobadilika hatakuwa na la kusema kwamba umemficha.

Njia ya kwanza, ya Dar. Hivyo vyuma vya mduara vilianzishwa na daktari mmoja wa Siberia, Gavriil Ilizarov, kwenye miaka ya 1950, akitibu watu wenye mifupa iliyokataa kuunga. Wanakata kilichokufa chote, halafu sehemu nzuri ya mfupa juu au chini wanaikata kwa makusudi, wanaivuta kidogo kidogo kwa kuzungusha vinati, milimita moja kwa siku, na pale inapovutwa mfupa mpya unaota. Siyo miujiza, nimeuona kwa macho, lakini hesabu yake ikoje? Pengo la sentimita 6 ni siku 60 za kuvuta tu, halafu unasubiri ukomae, na kwa kawaida kila sentimita moja inahesabiwa mwezi mmoja hadi miwili ya kukaa na vyuma. Kila siku unasafisha pale waya zinapoingia kwenye ngozi, zinauma, zinapata wadudu, wengine wanarudi thieta katikati ya safari. Na sigara, mwanangu, sigara inachelewesha mfupa kuunga, hii haina ubishi, kama hawezi kuacha basi hii njia anaianza akiwa nyuma.

Maswali ya kumuuliza daktari hapa ni haya: baada ya kukata kilichokufa pengo litakuwa la sentimita ngapi, unyayo bado anauhisi ukimgusa, na kifundo cha mguu kinacheza? Maana mguu unaweza kuokolewa mfupa ukaunga lakini unyayo hauhisi na kifundo kimeganda, mtu anabaki na mguu wa kutazama. Uliza pia huko Dar, kama ni MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, au kwingine, daktari anayeifanya ameshafanya wangapi, na akisharuhusiwa mtatakiwa kurudi kila baada ya muda gani. Hilo la mwisho watu hawaulizi, halafu nauli ndiyo inayowashinda, siyo upasuaji.

Njia ya pili. Najua neno kukata linavyoingia sikioni. Ila sikiliza na upande wake. Daktari amesema chini ya goti, na hilo goti ni mali kubwa mno. Mtu mwenye goti lake akipata mguu wa bandia uliokaa vizuri anatembea kwa nguvu kidogo kuliko aliyekatwa juu, anapanda ngazi, wapo wanaorudi kuendesha, wapo wanaolima. Ndo maana wakati nao una uzito hapa, maambukizi yakipanda juu goti lenyewe linaingia kwenye hatari. Maambukizi mara nyingi yanaondoka na sehemu iliyokatwa, kidonda kinapona kwa wiki kadhaa, kikishanywea na uvimbe kuisha ndo anapimwa mguu. Nchini kwetu mafundi wa viungo bandia wanasomeshwa Moshi kwenye chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, tangu miaka ya 1980, kwa hiyo siyo kitu cha Ulaya, na Dar hospitali ya CCBRT wanatengeneza pia.

Lakini nisikupambie. Atausikia mguu ambao haupo, utamuwasha, utamuuma usiku, na siyo kichaa wala siyo mashetani, ni mishipa ya fahamu, ina matibabu yake. Kile kigutu kinaweza kutoka vidonda mguu wa bandia ukibana. Na mguu wa bandia unachakaa, baada ya miaka kadhaa unahitaji mwingine, hela hiyo nayo ni yenu. Halafu kuna macho ya watu, hilo wewe unalijua kuliko mimi.

Nikusimulie jambo moja lililonisaidia hata mimi kuacha kuwa na upande. Marekani walifuatilia wagonjwa 569 walioumia miguu vibaya kiasi cha kuhatarisha kukatwa, wengine wakakatwa wengine wakaokolewa, majibu yakatoka 2002. Baada ya miaka miwili hali zao za maisha hazikupishana kiasi cha kusema hawa ndio waliopona vizuri. Waliobakishiwa mguu ndio walirudi kulazwa zaidi, lakini waliorudi kazini walikuwa karibu sawa, kama nusu tu ya watu kila upande. Kilichowatofautisha watu zaidi ni vitu kama umaskini, kukosa bima, kukosa watu wa kuwasaidia, kuvuta sigara, na mtu mwenyewe kujiamini kwamba ataweza. Hao wengi walikuwa watu wa ajali mbichi na hospitali za kwao siyo zetu, kwa hiyo usiende nayo kliniki kama hukumu. Ila mimi inanifanya nikuulize, kwa njia yoyote mtakayochukua, nani atakuwa nyuma ya mumeo mwaka mzima? Kama ni wewe peke yako na ndoo ya bandeji, zote mbili zitakuwa ngumu. Hao wifi zako wenye sauti kubwa, waulize kwa upole nani atakaa na watoto tukiwa Dar. Jibu lao litakusaidia kupanga.

Kuna na njia ambayo daktari hakuitaja lakini ndiyo mnayoifuata sasa hivi, kukaa nacho. Wapo wanaoishi miaka na kitundu kinachotoa usaha, wanafunga bandeji maisha yanaenda, na hasa mfupa ukiwa umeunga wengine hilo linawatosha. Kwa mumeo mfupa unacheza, kwa hiyo hata kukanyaga hawezi, na maambukizi yanaweza siku moja kuingia kwenye damu. Kidonda kinachokaa miaka mingi sana pia kinaweza kugeuka saratani ya ngozi, ni mara chache lakini kipo. Wiki chache za kujipanga hazina neno, ila nisingependa nikusikie mwakani bado mnazungumza.

Sasa hili la wifi, na lile la bandeji usiku. Umechanganya vitu viwili, kuchoka kidonda na kumchoka mume, na wifi yako alivyo mjanja kapiga hapo hapo. Anayefua bandeji mwaka mzima halafu asichoke sijamwona, hata sisi tuliokuwa tunalipwa tulichoka. Kuwaza "bora yaishe" hakujakufanya uwe mke mbaya. Halafu hebu geuza, na mumeo je, umeshawahi kufikiri kwamba huenda naye anawaza hivyo hivyo ila anaogopa kukwambia, akihisi ndo utaondoka? Jaribu siku moja watoto wamelala, usimuulize "tukate au tusikate", hilo swali linamfunga mdomo. Muulize kitu gani anakikumbuka zaidi alichokuwa anafanya kabla ya ajali, na kitu gani anaogopa zaidi. Akisema pikipiki, au kusimama msikitini au kanisani, au kumbeba mdogo, basi mna pa kuanzia, mnakwenda kwa daktari na hilo, kwa njia gani atalipata mapema na kwa uhakika zaidi.

Na mwombe nesi wa kliniki au mtu wa fizio, wale wa mazoezi ya viungo, awakutanishe na mtu aliyekatwa na mwingine aliyekaa na vyuma vya mduara. Wanaume wakikaa wenyewe kwa wenyewe wanaulizana ambayo wewe na mimi hatutaambiwa, kuhusu kazi, kuhusu chumbani. Waache wakae bila wewe.

Wakati mnasubiri kliniki, kidonda kisafishe na maji yaliyochemshwa yakapoa yenye chumvi kidogo au maji ya chumvi ya dukani, usimwagie spiriti wala zile dawa zinazotoa povu, zinaua na nyama mpya. Nawa mikono kabla na baada, bandeji za kufua zianike juani zikauke kabisa. Apate chakula chenye nguvu, maharage, mayai, dagaa, kidonda kinajengwa na hivyo. Apimwe na sukari kama hajapimwa. Akipata homa ya kutetemeka, mguu ukivimba ghafla ukawa wa moto, akianza kuchanganyikiwa, au unyayo ukiwa baridi na kubadilika rangi, hapo hakuna kikao cha ukoo, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Mwisho hela, maana hapo ndo naona mnataka kuharakisha. Umesema aligongwa na lori. Je PF3, ile fomu ya polisi, mlichukua, na namba ya gari mnayo? Kila gari barabarani kwetu linatakiwa kisheria kuwa na bima ya kumlipa mtu mwingine litakayemuumiza, na kesi ya trafiki hata kama iliisha kwa dereva kulipa faini siyo sawa na fidia ya mguu. Nenda kituoni mlipofungua jalada uulize, madai haya yana muda wake na mwaka umeshapita, fanya haraka na umtafute mwanasheria au watu wa msaada wa kisheria hapo Moro. Hospitali nako ulizia ofisi ya ustawi wa jamii kabla hamjaondoka na rufaa, siyo mkishafika Dar na bili mkononi, wao ndio wanaoangalia nani apunguziwe au asamehewe. Kiwanja msikiuze kwa ajili ya njia yoyote mpaka mmeandikiwa gharama kwenye karatasi, upasuaji kiasi gani, vyuma kiasi gani, mguu wa bandia kiasi gani, na nauli za kurudi kliniki mmezipigia hesabu wenyewe. Kama hati ina majina yenu wote wawili, na wewe una sauti hapo, wifi hana.

Ukishatoka kliniki niandikie tena, uniambie na mumeo alisema nini.